Zimwi hili nani kalilea?

(Haya niliyasema mbele ya wapenzi wa movi, sizoni na vitabu vya katuni. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu sehemu ambazo watu walikuwa wanabishana kwa sauti kuliko mimi mwenye kipaza sauti.)

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo mambo vipi. Nashukuru kwa nafasi, mshereheshaji kaniambia niongee kifupi na mi nimemwitikia kwa adabu tu, kifupi changu anakijua. Wale mliokuja mkitegemea nitasema nani zaidi kati ya Thor na Superman mnaweza kutoka mkanunue maji, hilo leo halimo. Leo naongelea mazimwi, yale madude yanayokanyaga miji, yale ya kwenye sizoni za anga za mbali, yale ya kwenye katuni, na msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye kubisha aanze kujipanga: kwenye hizi hadithi tunazozipenda stelingi si mtu wa maana kihivyo. Mwenye hadithi ni zimwi. Na zimwi zuri ni lile ambalo ukilifuatilia lilikotoka unamkuta kuna mtu kalilea, kalilisha, na siku limekua anajifanya halijui.

Najua nawagusa pabaya. Sisi tumekulia vibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto, DJ anatafsiri kwa sauti kuliko movi yenyewe na anaongeza maneno yake ambayo hata dairekta hakuyafikiria, na sheria ilikuwa moja ambayo mtoto wa chekechea anaijua: stelingi hafi. Sawa. Sasa kama unajua hafi, unamwangalia kwa presha gani? Mi macho yangu tangu zamani yako kwa adui. Adui ndo hujui anatoka wapi, anataka nini, ataishia vipi, na mara nyingi ndo mwenye kesi ya kueleweka kuliko yule mwenye misuli.

Tuanze na mfalme mwenyewe, Godzilla, namaanisha yule wa kwanza kabisa, movi ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotoka Japani tarehe 3 Novemba 1954. Wengi wenu hamjaiangalia, msinidanganye, mmeangalia hii ya juzi mgongo wake unawaka pinki. Haya, mwaka ule ule, tarehe 1 Machi, Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni kule Bikini, visiwa vya Pasifiki, bomu lenye nguvu kama mara 1000 ya lile la Hiroshima, na lilizidi hata hesabu za wataalamu waliolitengeneza. Maji ya huko yalikuwa na boti ya Wajapani inavua jodari, inaitwa Daigo Fukuryu Maru, mabaharia 23, wapo nje ya eneo lililopigwa marufuku, wakaona mwanga kama jua linachomoza upande usio wake, na baada ya masaa kadhaa majivu meupe yakaanza kuwadondokea kama mvua, kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye samaki. Walirudi nyumbani wote wanaumwa. Fundi wa redio wa boti, Aikichi Kuboyama, akafariki mwezi wa tisa. Samaki sokoni wakaanza kupimwa mionzi, watu wakagoma kununua, yaani fikiria Mjapani anaogopa samaki.

Sasa movi inaanzaje? Inaanza na mabaharia wamejipumzisha juu ya meli yao, ghafla bahari inatoa mwanga mkali, meli inawaka moto na kuzama. Aliyekaa sinema pale Tokyo mwezi ule wa 11 hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Lile dude lilikuwa limelala zake chini ya bahari halina shida na mtu, bomu ndo limelifukuza kwake na kulijaza mionzi, halafu leo limetoka nchi kavu mnauliza limetokea wapi? Muulizeni mwenye bomu.

Kuna vipande viwili kwenye movi ile ambavyo mi naviweka juu ya kila mapigano yaliyowahi kurekodiwa. Cha kwanza watu wako kwenye treni wanapiga stori, mwanamke mmoja analalamika hivi hivi kama mtu anayelalamikia nauli, kwamba tumepewa samaki wenye mionzi, mvua yenye mionzi, sasa na Godzilla, na mwenyewe alikuwa ameponea chupuchupu Nagasaki. Kipande cha pili mji unawaka, mama kachuchumaa chini ya jengo kawakumbatia wanawe, na anawaambia tunaenda kwa baba, muda si mrefu tutakuwa na baba. Baba alishakufa. Hakuna muziki wa kishujaa pale, hakuna mtu anayeruka kutoka kwenye helikopta kuja kuwaokoa. Kamera inawaangalia kidogo afu inaendelea na zimwi. Dairekta alikuwa Ishiro Honda, mtu aliyepigana vita na akapita Hiroshima akiwa anarudi nyumbani, kwa hiyo alijua anachokifanya.

Mwaka 1956 Wamarekani wakaichukua movi hiyo wakaikatakata, wakamchomeka mwigizaji wao Raymond Burr anaigiza mwandishi wa habari anayesimama pembeni na kushangaa, na vitu vingi vilivyokuwa vinaongelea bomu vikapungua au kupotea kabisa, yule mwanamke wa Nagasaki humkuti. Nyumbani kwa aliyelipua, zimwi likabaki zimwi tu, limekuja kutoka baharini, basi. Mi nasema kama unataka kujua nani kalilea zimwi angalia nani anakata filamu.

Halafu ufundi. Hapa mniruhusu nikae kidogo maana ndo ugonjwa wangu. Lile dude la 1954 ni mtu ndani ya suti, Haruo Nakajima, na suti ile ilikuwa inakaribia kilo 100, taa za studio zinamchoma, hapumui vizuri, na alikuwa anaenda zoo kuangalia tembo na dubu wanavyotembea ili aige uzito wao. Mtaalamu wa efekti, Eiji Tsuburaya, alikuwa anarekodi kwa spidi kubwa ili ikirushwa kwa spidi ya kawaida kila kitu kiende taratibu, ukuta ukidondoka udondoke kama ukuta wa kweli wa ghorofa kumi, wakati ni kijumba kinachokufika kiunoni. Na ile sauti, ule mlio ambao kila mmoja wenu hapa anaweza kuuiga, haukutoka kwa mnyama yeyote, mtunzi wa muziki Akira Ifukube alitumia fidla kubwa ya besi, ile inayosimamishwa chini, nyuzi zimelegezwa, zikasuguliwa na glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Glavu na utomvu! Sasa hivi mtu ana kompyuta chumba kizima na dude lake linalia kama jenereta la jirani.

Msinielewe vibaya, ugomvi wangu hauko kwa kompyuta, nitafika huko.

Mwaka 1998 Hollywood wakatengeneza Godzilla wao, anakimbia kama mjusi, anaogopa makombora, anataga mayai kwenye uwanja wa basketi New York. Watu wengi wanaichukia kwa sababu ya sura yake, mi naichukia kwa sababu nyingine. Ndani ya movi ile, majaribio ya nyuklia yaliyomzaa zimwi ni ya Wafaransa! Ni kweli Wafaransa walilipua mabomu yao Polynesia mpaka mwaka 1996, sikatai, dhambi yao wanayo, lakini wewe Mmarekani, wewe mwenye Bikini, unatengeneza movi ya Godzilla halafu kwenye cheti cha kuzaliwa sehemu ya baba unaandika jina la Mfaransa? Na mwigizaji wa Kifaransa Jean Reno mmemleta kabisa kuja kusafisha. Pale nilicheka kwa uchungu. Wajapani wenyewe wenye hakimiliki baadaye wakaliita dude lile Zilla, wakaondoa lile "God" la mbele, na mwaka 2004 wakalileta kwenye movi yao lichapwe na Godzilla wa kweli, na likachapwa haraka kuliko muda ninaotumia kuwasimulia.

Ile kompyuta niliyowaahidi ni hii. Godzilla Minus One, 2023, dairekta Takashi Yamazaki, mwaka 2024 ikachukua Oscar ya efekti, Godzilla wa kwanza kushika Oscar tangu azaliwe. Timu ya efekti watu 35, shoti 610, bajeti yote ya movi haifiki hata ile wanayotumia wenzetu kwenye chakula cha mastaa, naongeza chumvi kidogo, lakini ni chini ya dola milioni 15, wakati walioshindanishwa nayo kuna wenye mamia ya milioni. Na hamna suti, ni kompyuta mwanzo mwisho. Kwa nini inakushika? Kwa sababu katikati kuna rubani, Shikishima, aliyetakiwa ajilipue na ndege yake vitani akasingizia ndege mbovu, akaishi, na kuishi kwenyewe ndo kumekuwa adhabu. Zimwi likitokea unaona linakuja kumdai. Na kabla ya majaribio ya bomu pale Bikini mwaka 1946 lilikuwa dude la kawaida tu la kutishia kambi moja kisiwani, bomu ndo limelikuza. Unaona? Wamerudi kwenye swali lile lile, nani kalilea.

Wakorea wao hata hawakufichaficha. The Host ya Bong Joon-ho, 2006, inaanza kwenye chumba cha maiti cha kambi ya jeshi, bosi wa Kimarekani anamwamuru msaidizi wake Mkorea amwage chupa na chupa za dawa ya kuhifadhia maiti kwenye sinki linaloenda mto Han, eti chupa zina vumbi. Mnajua kilichonishtua? Kile kitu kilitokea kweli, mwaka 2000, kambi ya jeshi la Marekani pale Seoul. Zimwi likitoka mtoni linatoka mchana kweupe, watu wanakula pikiniki, movi haijachanganya hata kidogo, na linakimbia linateleza kama mlevi. Hakuna kuvizia vizia gizani. Familia inayopambana nalo ni ya wauza ngisi wa kuchoma.

Na kabla sijahama kwenye movi, ndugu zangu, mnamjua Bolaji Badejo? Nyoosha mkono anayemjua. Watatu. Aibu yetu wote. Alien ya 1979, lile dude jeusi lenye kichwa kirefu kama papai, ambalo limenakiliwa mpaka limechoka, ndani yake alikuwa Mnaijeria, mtoto wa Lagos, mwanafunzi wa usanii wa michoro, mrefu karibu mita 2 na sentimita 8, wakamwona baa London wakasema huyu huyu. Hakuwa mwigizaji. Akafanya movi moja tu maisha yake yote, akarudi zake Nigeria, akafariki 1992 kwa selimundu akiwa hajafika hata miaka 40. Lile zimwi limetisha dunia nzima kwa miguu na mikono ya Mwafrika na jina lake tunalisoma mwishoni kwa herufi ndogo watu wameshaanza kutafuta viatu. Tena kwenye hadithi ile mwovu mkubwa hata sio dude, ni kampuni iliyoagiza dude liletwe nyumbani hata kama wafanyakazi wote watakufa. Dude linafanya kazi ya dude. Kampuni ndo ilikaa mezani ikapiga mahesabu.

Haya, sizoni. Doctor Who, BBC, ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa, kwa hiyo watu walikuwa na mengine ya kuwaza. Bosi aliyeianzisha, Sydney Newman, hakutaka kabisa kuona mazimwi, alitaka watoto wajifunze sayansi na historia. Produsa alikuwa dada mdogo kwa umri, Verity Lambert, akaruhusu madaleki, vile vidude vya bati vinavyotembea kama vinateleza, mkono mmoja ni ile pampu ya mpira ya kuzibulia choo. Pampu ya choo, jamani! Na nchi nzima ikajificha nyuma ya makochi. Kama wangemsikiliza bosi ile sizoni ingeisha kabla ya mwaka na leo nisingekuwa na cha kuwaambia kwamba juzijuzi aliyekuwa anaigiza Doctor, stelingi mwenyewe wa sizoni, yaani Ncuti Gatwa, ni mzaliwa wa Kigali, familia yake ilikimbilia Scotland mwaka 1994. Mi si Mnyarwanda lakini siku ile nilitembea mtaani kifua mbele kama nimemlea mimi.

Turudi kwa madaleki. Tangu hadithi yao ya kwanza ni mabaki ya vita vya nyuklia, viumbe vilivyoharibika vikajifungia kwenye mabati. Mwaka 1975 wakarudi nyuma kuonyesha vilivyotengenezwa, na Doctor wa wakati huo, Tom Baker, ameshika nyaya mbili mkononi, akizigusanisha tu madaleki yote yanakufa kabla hayajazaliwa vizuri. Anasimama. Anajiuliza kama ana haki hiyo. Kibanda umiza pale wangerusha viatu, gusa waya bwana! Lakini mi hiyo ndo sizoni ninayoitaka, ambayo stelingi ana ushindi mkononi afu unamlemea.

Star Trek nitapita haraka kwa sababu wenyewe mpo wengi na mnapenda kunisahihisha. Nitataja kitu kimoja. Episodi ya kwanza kabisa kurushwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, ina zimwi linalonyonya chumvi mwilini mwa watu, linabadilika sura kutokana na nani analiangalia, kila mtu anaona anayempenda. Linapomfuata Uhura, dada mweusi wa mawasiliano chomboni, linajigeuza mwanaume mweusi mtanashati na linamsemesha Kiswahili. Kiswahili chenyewe cha kuunga unga, anayekijua anasikia, lakini ni Kiswahili, usiku wa kwanza. Zimwi lilipiga hesabu kwamba huyu dada ukimtongoza kwa Kiingereza hatoki pale. Na mwisho wake linauawa, na lilikuwa la mwisho la kabila lake, lilikuwa na njaa tu, halikuwa na ubaya mwingine. Kapteni mwenyewe anabaki ameduwaa kwenye kiti.

Sasa hapa ndo nilipokuwa napataka. Ultraman, Japani, 1966 hiyo hiyo, kazi ya kampuni ya yule yule Tsuburaya. Ni sizoni ya watoto, kila wiki linatoka dude, linatoka jitu jekundu na la fedha, wanapigana, dude linakufa, watoto wanaenda kuoga. Jitu lina dakika 3 tu za kukaa duniani afu taa ya kifuani inaanza kuwaka waka, na kwenye episodi moja walichukua suti ya Godzilla kabisa wakaivalisha kola kubwa shingoni wakasema ni dude jipya, mtoto gani atajua. Ni vitu vya kuchekesha, mpaka ufike episodi ya 23. Linatokea dude linaitwa Jamila. Ndio, Jamila, kama shangazi yako. Na Jamila alikuwa binadamu, mwanaanga, chombo chake kilipotea angani kikaangukia sayari isiyo na tone la maji, nchi yake badala ya kumtafuta ikanyamaza isije ikapata aibu. Akakaa kule mpaka ngozi ikakauka na kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, akawa zimwi, na akarudi duniani kulipiza. Wakubwa wakatoa amri auawe kimyakimya kama zimwi la kawaida, dunia isijue alikuwa nani. Na Ultraman, stelingi wetu, shujaa wa watoto, anamuua kwa kumpiga maji. Maji! Kitu alichokililia miaka yote kule juu. Anagaagaa kwenye matope na analia kwa sauti ya mtoto mchanga. Baadaye wanamwekea kibao cha kumbukumbu chenye maneno mazuri ya heshima, na mmoja wa vijana wa kikosi, Ide, anakaa pale anakiangalia kwa hasira kwamba wakubwa siku zote wana maneno mazuri.

Hiyo ni dakika 25 za sizoni ya watoto, na haijawahi kutokea movi ya mashujaa ya dola milioni 200 ikanifanyia hivyo. Unaenda kuangalia, saa la mwisho lote ni mwanga wa buluu unapanda mawinguni na jeshi la vidude vya kijivu visivyo na jina vinapukutishwa kama senene kwenye taa, hakuna kinacholia, hakuna aliyekilea, mashujaa wanataniana katikati ya maiti. Halafu multivesi, aliyekufa anarudishwa kutoka dunia ya pili, kwa hiyo sasa sio stelingi tu asiyekufa, hakuna anayekufa. Mi nalala mle ndani, AC yao nzuri.

Katuni. Wengi mnadhani katuni za Marekani zilianza na mashujaa zikaendelea na mashujaa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 50 mashujaa walikuwa wamechuja, kilichokuwa kinauzwa ni mazimwi, maiti zinazofufuka, safari za anga. Mwaka 1954, mwaka ule ule wa Godzilla, wachapishaji kwa kuogopa serikali na wazazi wakajiwekea sheria, hakuna mazombi, hakuna vampaya, hakuna watu-mbwamwitu, na vampaya hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1971. Yaani upande huu wa bahari mazimwi yanazaliwa, upande ule yanapigwa marufuku. Na mkiangalia sheria ile ilichokuwa inakilinda hasa mtacheka. Kampuni ya EC walitaka kuchapisha tena hadithi yao fupi, mwanaanga anaenda kukagua sayari ya maroboti, anakuta maroboti ya rangi ya chungwa yanayabagua ya rangi ya buluu, basi la kwao, shule za kwao, kila kitu, wakati ndani ni vyuma vile vile. Anawaambia bado hamjawa tayari kujiunga na wenzenu. Anarudi kwenye chombo chake, na kipicha cha mwisho kabisa anavua helmeti, tunamwona kwa mara ya kwanza ni mtu mweusi, matone ya jasho usoni yanang'aa kama nyota. Msimamizi wa sheria akasema mtu huyo asiwe mweusi. Mchapishaji, William Gaines, akagoma, akatishia kuwaanika kwenye magazeti, na mwaka 1956 hadithi ikatoka kama ilivyo. Halina meno wala mkia, lakini zimwi la hadithi ile mnalijua.

Hulk wa 1962 nitamtaja kwa sentensi moja: yule ni mwanasayansi aliyetengeneza bomu mwenyewe na bomu likamlipukia mwenyewe, kalea zimwi lake ndani ya shati lake, na wanaomchora siku hizi kama mcheshi wa kupiga selfie wananikera.

Sasa mtaniuliza na sisi je. Sisi tulikuwa na katuni zetu, Sani, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, zile ni za kucheka mtaani, nazipenda sana. Mazimwi tumeyaacha midomoni kwa watu. Mumiani mnamkumbuka? Wazee wetu enzi za mkoloni waliamini kabisa kuna watu wanakamatwa usiku wananyonywa damu, na kuanzia Nairobi mpaka Kampala waliotajwa kufanya hivyo ni wazimamoto, watu wa serikali wenye magari na sare. Serikali ya mkoloni ikasema ni ujinga wa wenyeji. Ujinga? Watu wanaona jasho lao linaondoka kila siku hawaambiwi linaenda wapi, wakasema ni damu. Mi ningempa mtu hela atengeneze sizoni ya mumiani kesho asubuhi, gari moja jekundu, mtaa mmoja, taa za chemli, na usionyeshe sindano hata mara moja. Au popobawa wa Pemba mwaka 1995, watu wanalala nje makundi makundi wakiota moto kwa kuogopa kulala ndani. Na hayo ni mambo ambayo mashahidi wake bado wapo, wengine labda wamo humu ndani wamekaa kimya.

Lakini bora kuliko wote ni Nunda mla watu. Mmisionari mmoja Mwingereza, Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, aliichapisha hadithi hiyo mwaka 1870 kama alivyosimuliwa Unguja. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama, watu wanakuja kushtaki, Sultani anasema paka wangu, na ndama wangu, mwacheni. Anakula mbuzi, paka wangu na mbuzi wangu. Ng'ombe, punda, ngamia, jibu ni lile lile. Anakula mtoto wa mtu, mwacheni. Mpaka anahamia porini amekuwa dude la kula wasafiri njia nzima, na bado mzee hataki kusikia, hadi siku linawala wanawe mwenyewe. Ndo mdogo wao wa mwisho anaingia porini kulitafuta, na kwa kuwa hajui sura yake anaua kila mnyama mkubwa anayemkuta, anamburuta mpaka nyumbani akiimba kwamba nimeua Nunda, na mama yake kila mara anamwimbia mwanangu, huyo siye. Pundamilia, siye. Twiga, siye. Tembo, siye.

Ningepewa mimi hiyo movi, nusu saa ya kwanza yote ni baraza la Sultani na paka wa kawaida kabisa, mweupe, amejilaza kwenye zulia, na kila anayekuja kushtaki paka kaongezeka kidogo tu, kiasi kwamba watazamaji wabishane kama ni kweli kaongezeka. Hakuna muziki. Sultani anampapasa. Ile sehemu ya porini hata bajeti ikiisha mtu avae suti, mi sina neno, Nakajima alivaa.

Nimemaliza, mshereheshaji ananionyesha saa. Swali moja tu. Nani? Kijana wa mbele.

Anauliza kati ya King Kong na Godzilla nani mshindi, maana wao wamewekeana soda. Nilisema mambo ya nani zaidi hayamo, lakini kwa kuwa kuna soda basi. Kwenye pambano lao la kwanza, 1962, movi ya Wajapani wenyewe, wote wawili wanatumbukia baharini na anayeibuka akiogelea kurudi kwao ni Kong. Kuna uongo unazunguka miaka yote kwamba Japani walitoa mwisho wao Godzilla anashinda, hakuna kitu hicho, kule na huku anayeibuka ni Kong, tofauti ni kwamba toleo la Wajapani mlio wa Godzilla nao unasikika mwishoni. Sasa 2021 wakarudiana, safari hii Godzilla akamkanyaga Kong kifua mpaka moyo wake ukaanza kusimama. Moja moja. Kwa hiyo soda hiyo hakuna anayeinywa kati yenu, ileteni hapa mbele, nimeongea koo limekauka.